Hija ya miguu Mafinga hadi Tosamaganga: kwa dada anayeogopa kwenda peke yake

Kamwene dada. Umeuliza mambo mawili: kama mtu asiyezoea kutembea anaimudu hija ya miguu kutoka Mafinga hadi Tosamaganga, misheni ya Wakatoliki karibu na Iringa, na kama uende hata baada ya shoga yako kughairi. Nenda. Tena afadhali kaghairi, nitakwambia kwa nini.

Tuanze na miguu. Watu huogopa umbali, kumbe kinachotesa ni lami na soksi. Jua likishapanda, lami ya barabara kuu inachemsha nyayo, soksi ya nailoni inateleza ndani ya kiatu, na kabla hujaiona Ifunda tayari una lengelenge kisiginoni. Usinunue raba mpya kwa ajili ya hija! Njoo na zilezile unazoendea sokoni, ambazo zimeshakaa mguuni. Paka mafuta ya mgando katikati ya vidole, vaa soksi za pamba, na kila mkipumzika vua viatu, anika. Yeboyebo ziwe kwenye mfuko kwa ajili ya jioni.

Kama mnakwenda Julai au Agosti, baridi ya Mafinga wala sihitaji kukusimulia. Mnaondoka alfajiri na ukungu, meno yanagongana, saa nne sweta limegeuka mzigo. Kitenge kizito kinatosha: unajifunga, ukipata joto unakitia kichwani. Malori sasa. Yale ya kwenda na kutoka Tunduma yakikupita karibu, upepo wake peke yake unakuyumbisha. Tembeeni upande wa kulia ili muyaone yanakuja, na wa mbele na wa nyuma wavae reflekta. Kiongozi akisema mstari mmoja, basi ni mstari mmoja. Wimbo utasubiri.

Umetaja ile video ya mahujaji wa Santiago kule Hispania. Ile njia ina karibu kilomita 780 ukianzia Saint-Jean-Pied-de-Port, Ufaransa, na ina mishale ya njano ya kuonyesha njia pamoja na mabweni ya mahujaji. Huku kwetu usitegemee hayo. Unafuata msalaba ulioko mbele, unalala kwenye ukumbi wa kigango, yaani kanisa dogo la kijijini, au darasani, mkeka juu ya saruji, na kama WAWATA (akina mama Wakatoliki) wa mahali hapo wamejipanga unakuta uji wa moto na ndoo za maji. Wakiwa hawajajipanga, mtakula mikate na chai mshukuru Mungu.

Sasa habari ya shoga yako. Kwenye kundi letu walikuwepo marafiki wawili, wamesoma pamoja, wameshonesha mpaka sare. Mmoja mwendo wake ni wa kukata upepo, mwingine anavuta miguu. Siku ya kwanza wakasubiriana kwa upendo, ya pili kwa kununa, na tulipofika Tanangozi hawasemeshani. Barabarani rafiki wa kweli ni mwenye mwendo kama wako, na huyo humjui mpaka muwe mmeshatembea. Wangu alikuwa mama mmoja muuza viazi, Mlutheri, amekuja kwa sababu ya nadhiri aliyoiweka yeye wakati mwanawe alipougua. Asubuhi nzima hatukuongea zaidi ya pole na asante. Jioni akaona nachechemea. Akavuta beseni la maji ya vuguvugu yenye chumvi, akanikalisha kwenye dawati, soksi ilikuwa imeganda kwenye ngozi. Hakuivuta. Aliiacha ilainike majini huku akinisimulia ugomvi wake na madalali, na nilipozinduka soksi imeshatoka. Lengelenge akalitoboa pembeni kwa sindano aliyoichoma kwanza motoni, akakamua, ngozi akaiacha ilivyo. "Ukiichuna hiyo, kesho utabebwa," akasema. Mpaka leo tunapigiana simu, na mara nyingi tunaongelea bei ya mbolea tu.

Kwa hiyo usijifungie kwenye simu wala kujitenga kwa aibu ya ugeni. Omba maji hata kama unayo. Mbebee mtu mkeka. Wazee ndio wa kuwaganda, maana hawakimbii mwanzoni na mwisho wa siku ndio waliobaki wima.

Mkifika, msikimbilie magari mara baada ya misa. Misheni ile waliianzisha wamisionari Wabenediktini wa Kijerumani mwishoni mwa karne ya 19, kisha baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikawa chini ya Wakonsolata wa Italia. Majengo ya zamani yanafaa kuangaliwa taratibu. Mwenye miguu bado anaweza kushuka Kalenga, kwenye makumbusho lilipo fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Mimi sikushuka.

Kurudi ni basi. Wahi siti ya pembeni mwa njia ili unyooshe mguu, maana magoti yatakataa kukunja mpaka Mafinga.