Kwa mnaoanza kazi: mcheki kidogo Jim Furyk

Wadogo zangu mlioripoti kazini juzi, najua gofu wengi wenu hamna habari nayo, ila nivumilieni nimzungumzie Jim Furyk, mcheza gofu Mmarekani wa Pennsylvania aliyezaliwa 1970, maana kuna vitu nimevipata kwake ambavyo hakuna bosi aliyewahi kuniambia.

Kwanza swingi yake, yaani anavyozungusha fimbo kupiga mpira. Ukiiona mara ya kwanza lazima ucheke, fimbo inapanda huku, juu kule inakata kona, inashuka kwa njia nyingine kabisa, kuna mtangazaji aliifananisha na pweza anayedondoka kutoka mtini. Kocha wake ni baba yake mzazi, Mike, na mzee hakuhangaika kuinyoosha ifanane na za wengine, kwa sababu fimbo ikifika kwenye mpira inakuwa imekaa sawa, leo, kesho, keshokutwa. Na swingi hiyohiyo kabeba US Open ya 2003, moja ya mashindano manne makubwa ya gofu, na kwa jumla mataji 17 ya PGA Tour, ligi kuu ya gofu Marekani. Mimi mpaka leo nachapa kibodi kwa vidole viwili na nimeshachekwa sana tu. Waangalie kazi inayotoka. Ikitoka mbovu hapo badilika, sijasema muwe wabishi.

Sasa 2010, hii ndo naipenda. Kalala New Jersey anategemea alamu ya simu, usiku simu ikaisha chaji. Kashtuka saa 1 na dakika 23 asubuhi na mechi ya kucheza na waalikwa wa wadhamini inaanza saa 1 na nusu! Kafika mbio hana mkanda, hana soksi, kamba za viatu zinaning'inia, kashachelewa, na sheria ya wakati ule ukiikosa hiyo mechi unaondolewa shindano zima, The Barclays, tena la kwanza kwenye mchujo wa FedEx Cup, kombe la msimu mzima. Mchezaji mwenzake Phil Mickelson aliiponda ile sheria hadharani. Furyk yeye akasema kosa ni langu, basi, akaendelea na ratiba. Mwezi mmoja mbele, Atlanta, shimo la mwisho, mvua, kofia kaigeuza nyuma, anaongoza kwa pigo moja na mpira uko mchangani. Kautoa ukatulia pembeni ya shimo, kaumalizia, kaondoka na Tour Championship, shindano la mwisho la mchujo, na FedEx Cup yenyewe, bonasi dola milioni 10.

Kwa hiyo ukilala ukapitiliza usituletee habari za foleni, sema nimelala. Na nunua saa ya betri, mimi ninayo tangu umeme ulivyonikatikia usiku wa kuamkia intavyuu.

Kukosa kakosa pia, US Open ya 2012 imemponyoka shimo la 16 siku ya mwisho. Halafu 2016, ana miaka 46, Jumapili ya mwisho ya shindano la Travelers kaanza akiwa nyuma kwa mapigo 16, yaani hakuna hata anayemwangalia, kamaliza mashimo 18 kwa mapigo 58, na kwenye gofu mapigo machache ndo mazuri, raundi ya chini kuliko zote kwenye PGA Tour. Shindano lenyewe hakushinda.