Kutoka Sakafuni Hadi Ukutani: Maswali Yenu Kuhusu Kubadilisha Boila

Karibu barua zote nilizopata safari hii zinahusu jambo moja: ile boila kubwa ya chuma inayokaa sakafuni, yaani mtambo wa gesi wa kupasha nyumba na maji moto, inapotolewa, na ndogo ya kutundika ukutani inaposhika nafasi yake. Baadhi nimezijibu kwa kirefu kwa sababu hapo ndipo ninapowaona watu wakiumia.

Shikamoo fundi. Boila yetu ina zaidi ya miaka 25 na haijawahi kutusumbua. Fundi aliyekuja kuisafisha anatuambia tuitoe, mume wangu hataki hata kusikia. Kwa nini tutoe kitu kizima?

Marahaba, mwanangu. Mume wako ana hoja. Uzee peke yake si ubovu, na chuma kizito cha kusubu kinadumu kweli. Shida ni joto mnalolilipia halafu linapita bila kuwagusa. Moshi wa boila ya aina hiyo hutoka na nyuzi 150 au 200, pengine zaidi, na huenda kuwapasha ndege moto juu ya dohani. Tena kama ina kile kimoto kidogo cha kuwashia, kinawaka usiku na mchana hata mkiwa mmesafiri.

Gesi asilia ikiungua hutoa maji. Mita moja ya ujazo ya methani hutoa kiasi cha kilo 1.6 za maji, na yote huondoka kama mvuke uliobeba joto. Boila ya kisasa huupoza moshi mpaka mvuke ule ugeuke maji humo humo ndani, na joto lake huachwa kwenye maji yanayokwenda kwenye rediata, yale mabamba ya chuma yanayopasha vyumba. Uingereza ilianza kudai boila za namna hii mwaka 2005, na Umoja wa Ulaya ukafuata Septemba 2015.

Lakini kinachonitia wasiwasi kuliko bili ni hewa. Boila nyingi za zamani huvuta hewa ya chumbani. Watu wamebadilisha madirisha, wameziba kila upenyo wa mlango, na boila imebaki inagombania hewa ileile wanayovuta watoto. Hapo ndipo inapozaliwa kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi. Ukiona moto umegeuka njano badala ya bluu, au masizi yameanza kushika pembeni, au watu wa nyumbani wanaumwa kichwa wakiwa ndani na kupona wakitoka, izime, fungueni madirisha, tokeni nje, kisha muite fundi wa gesi. Boila ya ukutani ya kisasa huvuta hewa kutoka nje na kutoa moshi nje kwa bomba lake lenyewe. Hata hivyo nawasihi muweke king'ora cha kaboni monoksaidi, iwe ya zamani au mpya.

Kama moto ni bluu, vipuri vinapatikana na dohani iko safi, hakuna haja ya kukurupuka. Pangeni kazi msimu wa joto, fundi akiwa na nafasi ya kutulia. Na siku ya kuitoa, asiiguse mtu kwa nyundo kabla ya kukaguliwa: kamba na mabamba ya kuzuia joto kwenye boila za zamani huenda ni ya asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu.

Nyumba ina bafu mbili na tuko watu watano. Nichukue boila inayochemsha maji papo hapo, au ile yenye tangi la maji moto?

Hapa tupige hesabu. Boila ya kilowati 24 ikipandisha maji kwa nyuzi 35 hutoa karibu lita 10 kwa dakika. Bafu moja la manyunyu hula lita 8 hadi 10. Kwa hiyo mmoja ataoga vizuri, wa pili akifungua wote wawili watapiga kelele. Na kumbuka maji ya bomba wakati wa baridi huingia yakiwa ya nyuzi 5 au 6. Ukitaka 40 unahitaji kuyapandisha karibu nyuzi hizo 35 zote, kwa hiyo usitegemee lita zaidi ya hizo.

Kabla hujaamua, chukua ndoo ya lita 10, fungua bomba la jikoni mpaka mwisho na uhesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 60, basi hizo lita 10 kwa dakika ndizo zote ulizonazo, na hakuna boila ya papo hapo itakayokuongezea hata tone. Kwa watu watano na bafu mbili ningebaki na tangi, nikalifunga pamoja na boila ya ukutani ya kupasha tu. Tangi lenyewe liwekwe nyuzi 60, maana maji ya uvuguvugu yaliyotuama ni makao ya bakteria wa legionela, wanaoleta ugonjwa wa mapafu.

Ya zamani ilikuwa kilowati 40. Fundi anasema 24 inanitosha kwa kupasha nyumba. Ananipunja?

Hapana, huyo amepima. Zamani watu walikuwa wakifunga kubwa "kwa usalama", na tangu hapo huenda umeongeza madirisha ya vioo viwili na kujaza pamba ya dari. Boila kubwa kuliko nyumba huwaka, hufika joto upesi, huzima, huwaka tena, kutwa nzima, na kuwaka na kuzima huko ndiko kunakoichakaza. Uliza jambo moja zaidi: inaweza kushuka hadi kilowati ngapi? Inayoweza kushuka hadi 3 au 4 itakufaa zaidi siku za baridi ya wastani, ambazo ndizo nyingi.

Mafundi wawili wamenipa makadirio. Mmoja ameweka siku nzima ya kusafisha mabomba na rediata, mwingine anasema ni kupoteza hela, boila mpya itasukuma uchafu wenyewe. Nimuamini nani?

Muamini wa kwanza, na wa pili mshukuru kwa kujitambulisha mapema.

Niliwahi kuitwa kwenye nyumba yenye boila ya miezi minne. Ilikuwa inanguruma kama birika linalokaribia kuchemka, na vyumba viwili vya mwisho vilikuwa baridi. Nilishusha rediata moja, nikaiinamisha juu ya beseni uani. Kilichotoka hakikuwa maji. Kilikuwa tope jeusi tii, zito kama uji wa ulezi, na nilipoweka sumaku kwenye beseni lilisimama nywele. Ile ni kutu nyeusi ya chuma cha rediata zenyewe, iliyojikusanya miaka na miaka. Ndani ya boila ya zamani njia za maji ni pana, tope hupita au hulala chini na maisha yanaendelea. Ndani ya boila ya ukutani njia ni nyembamba. Tope likiingia hung'ang'ania pale penye moto mkali, maji hushindwa kupita, huchemkia humo humo, na huo ndio mngurumo mwenye nyumba aliousikia. Tuliibadilisha sehemu ya kupokezana joto ikiwa bado mpya. Mwenye nyumba alisimama mlangoni bila kusema neno, nami sikuwa na la kumfariji, kwa sababu kazi ya siku moja ingemwokoa.

Kwa hiyo daini mambo matatu, na yaandikwe kwenye makubaliano. Kwanza, mabomba na kila rediata vioshwe mpaka maji yatoke meupe. Pili, kiwekwe kichujio cha sumaku kwenye bomba la kurudi, kabla halijaingia kwenye boila, na kisafishwe kila mwaka. Tatu, dawa ya kuzuia kutu imiminwe kwenye mfumo. Nimeona boila za hali ya juu zikifa mapema kwa kukosa haya, na za kawaida kabisa zikifikisha miaka 15 kwa kuyapata. Kama maji yenu ni magumu, yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika, mwambieni fundi pia, hasa kwa boila ya papo hapo.

Tangu tumefunga boila mpya ukutani kunatoka moshi mweupe, na chini kuna kibomba kinachotonesha maji. Jirani anasema inavuja gesi.

Mtulize jirani. Ule ni mvuke, kama pumzi yako asubuhi ya baridi. Na yale maji ndiyo yule mvuke niliyemtaja, sasa amegeuka. Ila usimdharau jirani moja kwa moja: kama bomba linapuliza kwenye dirisha lake, ana haki ya kulalamika, na fundi anaweza kuongeza kipande cha kuligeuza.

Maji hayo ni ya uchachu, yanakula saruji na chuma. Yapelekwe kwenye bomba la plastiki la maji machafu. Yasiachwe yadondoke kwenye msingi wa nyumba. Kama kibomba kinapita nje penye barafu, kiwe kinene, kifupi na kimevikwa nguo, la sivyo kitaganda usiku wa baridi kali kuliko yote na boila itajizima. Likitokea, mimina maji ya moto yasiyochemka juu ya kibomba kwa nje, kisha iwashe upya. Kwa sababu ya uchachu huohuo, dohani ya zamani ya matofali haifai kupokea moshi wa boila hii bila kutiwa bomba maalumu ndani.

Tangazo linasema ufanisi ni asilimia 108. Inawezekana?

Ni namna ya kuhesabu. Wamehesabu gesi bila lile joto la mvuke, halafu wakalivuna na kulijumlisha. Ukihesabu joto lote la gesi, hakuna boila inayovuka 100. Unapolinganisha boila mbili, hakikisha zote zimehesabiwa kwa njia moja.

Geji ya presha inashuka kila wiki, naongeza maji mwenyewe. Kuna ubaya?

Upo. Mfumo ukiwa baridi presha iwe kati ya bar 1 na 1.5. Kuongeza mara moja au mbili kwa mwaka si neno. Kila wiki maana yake kuna mahali panavuja, au tangi dogo la upanuzi limepungukiwa hewa na vali ya usalama inamwaga nje presha ikifika 3. Na kila unapoongeza unaingiza hewa mpya na ukoko mpya, yaani unaanzisha upya kutu uliyolipia kuiosha. Muite fundi wiki hii.

Nimefungiwa boila mpya mwezi uliopita, kila kitu kimeoshwa, lakini bili haijashuka nilivyoahidiwa. Nimeibiwa?

Sidhani, ndugu yangu. Nenda kwenye boila uangalie joto la maji yanayokwenda kwenye rediata. Naamini utakuta 75 au 80, kwa sababu ndivyo boila ya zamani ilivyokuwa na fundi ameiga. Mvuke wa gesi asilia hauanzi kugeuka maji mpaka ukutane na maji yanayorudi chini ya nyuzi 55 hivi. Yakirudi na 65, boila yako mpya inafanya karibu kazi ileile ya kale.

Shusha hadi 60, ukae siku mbili. Nyumba ikibaki na joto, shusha hadi 55. Rediata hazitaunguza mkono kama zamani na zitawaka muda mrefu zaidi. Hilo ni sawa. Kama boila yako inachemsha tangi pia, hakikisha mpangilio wa tangi ni wa peke yake na unabaki 60. Kisha shika mabomba mawili ya kila rediata, la kuingia na la kutoka. Yakiwa na joto sawasawa, maji yanapita mbio bila kuacha kitu: kaza kidogo vali ya upande wa kutoka, robo mzunguko, subiri nusu saa, shika tena. Anzia na rediata iliyo karibu zaidi na boila.