Kuishi kwa utafiti wa teknolojia ya sauti ukiwa Dodoma

Mdogo wangu, umeuliza kama mtu aliye mwaka wa tatu UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) anaweza kuishi kwa kufundisha mashine kusikia na kuongea Kiswahili bila kuhamia Ulaya. Anaweza, ila kazi yenyewe sivyo wengi wanavyoidhani.

Mimi nilianza kwa kuajiriwa kusikiliza. Mradi ulikuwa huduma ya simu ya bei za mazao, na rekodi zilitoka soko la mahindi la Kibaigwa. Modeli yetu, yaani programu inayojifunza kugeuza sauti kuwa maandishi, ilifunzwa kwa Kiswahili cha kusomwa, mtu katulia chumbani anasoma sentensi moja moja kama zile za Common Voice, mkusanyiko wa sauti wa Mozilla, na ofisini ilifanya vizuri. Sokoni ikapotea. Upepo wa huku unaujua, malori yanaunguruma, mzee anabishana na dalali, nusu Kigogo nusu Kiswahili, bei anazitaja kwa buku na jero. Muda mwingi uliishia kwenye kunakili tulichosikia na kubishana namna ya kuandika mtu anayeguna. Huo ndio utafiti wenyewe, na hapo mtu wa isimu, sayansi ya lugha, ana thamani kuliko mjuzi wa programu. Tafuta mmoja mapema.

Halafu kipimo. Kinachotumika sana ni asilimia ya maneno yaliyokosewa, nacho kinakionea Kiswahili: mashine ikiandika "hatukuona" badala ya "hatukuwaona", imekosa silabi moja lakini neno zima limehesabiwa kosa. Pima na makosa ya herufi pia.

Hesabu na Python, lugha ya kuandikia programu, utavipata darasani. Kujenga modeli kubwa kuanzia sifuri sahau. Whisper, modeli ya OpenAI ya kugeuza sauti kuwa maandishi, ilitoka 2022 ikiwa imefunzwa kwa saa 680,000 za sauti. Unachukua iliyopo, unainoa kwa rekodi zako. Kwa Kirangi, au Kisandawe chenye vidoko (sauti za kualisha ulimi), ningeanza na modeli ya wav2vec 2.0 ya 2020, maana hujifunza kwanza kwenye sauti isiyo na maandishi. Idhini za wasemaji zichukue kwa maandishi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo.

Hela? Mikataba ya miradi, mingi mifupi, na ukiisha unakaa benchi. Ninaowafahamu wanaofundisha chuo huku wakichukua kazi za nje kwa mtandao ndio wametulia.

Na mradi wako wa mwaka wa mwisho usiwe chatiboti ya maswali ya udahili, tumeziona nyingi mno. Nenda Majengo sokoni na simu yako, rekodi wauzaji waliokubali, uone modeli inakosea wapi.