Nyumba ya babu na nyumba mpya, uwanja mmoja

Shikamoo fundi. Nyumba ya babu hapa Gongoni, Tabora, ni ya udongo. Tuliipiga plasta ya simenti, sasa inabanduka na chini ukuta umelika. Tulikosea wapi?

Marahaba mwanangu. Mlikosea kwenye hiyo simenti. Ukuta wa udongo hunywa unyevu wa mvua za Novemba hadi Aprili, kisha hukauka kwa kupumua. Simenti imeuziba pumzi. Maji yanayopanda kutoka ardhini yanakwama nyuma ya plasta, udongo unalainika, na plasta ikidondoka inaondoka na kipande cha ukuta. Ibandueni yote kwa patasi, sururu hapana. Ondoeni udongo uliorundikana chini ya ukuta ili maji yateremke kwenda nje. Acheni ukuta ukauke kiangazi. Jazeni palipolika kwa tofali mbichi za udongo uleule, kisha pigeni chokaa: kipimo kimoja kwa mchanga vitatu, tabaka nyembamba, mkiilowanisha siku kadhaa na kuikinga jua. Chokaa hukomaa polepole kwa kuvuta hewa, kwa hiyo msimharakishe fundi.

Nataka kujenga nyumba ya bloku ubavuni mwa ile ya wazee. Niziunganishe? (Isevya)

Usizigandishe ukuta kwa ukuta. Msingi wa zamani mara nyingi ni wa kina kifupi. Ukichimba mtaro wa kina kirefu kando yake, udongo unaoushikilia utaporomokea shimoni. Tena nyumba mpya nzito hutitia miaka ya mwanzo, ya zamani imeshatulia siku nyingi, kwa hiyo zikifungwa pamoja lazima nyufa zitokee. Acha nafasi ya mita mbili tatu, uiezeke baraza jepesi lenye nguzo zake. Maji ya bati jipya yaingie kwenye gata hadi tangini, yasimwagikie ukuta wa udongo.

Mzee wangu, mke wangu anataka nyumba mpya ifanane kabisa na ya zamani, hadi mlango wa nakshi. (Ujiji)

Mpe salamu, lakini siafiki. Mkataba wa Venice wa 1964, unaoongoza ukarabati wa majengo ya kale, unataka kinachoongezwa kionyeshe alama ya wakati wake. Chukueni kimo cha nyumba ya zamani na upana wa baraza lake, nakshi iacheni. Mkipita Tabora, fikeni Kwihara kwenye tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa, walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, mtazame ule unene wa kuta. Na kama nyumba yenu ina mlango wa kuchongwa, akija mtu na fedha zake mkononi, nawasihi msiuze. Nyumba iliyong'olewa mlango wake hunitia uchungu kila nikiipita.

Kibali kinahitajika? (Mwanga, Kigoma)

Ndiyo, manispaa, kabla ya jembe la kwanza. Ikiwa nyumba ni ya kale sana, waulize pia Idara ya Mambo ya Kale, kwani ipo sheria ya 1964 inayolinda majengo hayo.

Boriti za mninga zimeliwa na mchwa. Nitoe zote?

Hapana. Chokoa kila moja kwa kisu. Mara nyingi imeoza ncha iliyolala ukutani tu. Kata hapo, unga mti mzima, uipake dawa, na uivunje njia ya mchwa ukutani kila uionapo.