Maswali ya Wasomaji: Baba Amemaliza Mionzi, Mbona Nguvu Hazirudi?

SWALI

Kwako Mshauri wa Afya,

Baba yangu ana miaka 66. Mwaka jana aligunduliwa kuwa na saratani ya mapafu ambayo tayari ilikuwa imeingia kwenye mifupa. Alipewa mionzi ya kifua mara kumi, Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki mbili, ili kupunguza maumivu na kikohozi cha damu. Damu ilikoma, usiku hakohoi tena kama zamani, na kwa hilo tunamshukuru Mungu. Lakini sasa ni wiki tatu tangu amalize, na amechoka kuliko alivyokuwa kabla ya kuanza. Akioga, lazima alale saa nzima. Wageni wakija, anasinzia wakiwa bado wanazungumza. Tunaishi ghorofa ya nne hapa Pipeline, jengo halina lifti, na sasa anaogopa kushuka ngazi.

Kaka yangu anasema mzee amekata tamaa na inafaa asukumwe atembee. Mama anasema aachwe alale. Je, mionzi imemdhuru, au ni ugonjwa umezidi? Tumsaidie vipi? Isitoshe, mama amewakataza wajukuu wasimkumbatie kwa kuhofia mionzi.

Binti wa Mzee, Pipeline

JIBU

Pole sana, dada, wewe na mama, kwa kuuguza. Nianze na wajukuu kwa kuwa jibu lao ni fupi: waruhusiwe kumkumbatia babu yao leo hii. Mionzi aliyopewa ilitoka kwenye mashine iliyo nje ya mwili, na mashine ilipozimwa hakuna kilichobaki ndani yake kinachoweza kumfikia mtu mwingine kwa kugusana, kwa kulala kitanda kimoja au kwa kutumia vyombo vyake. Mtoto wa kuzuiwa ni yule mwenye mafua au kikohozi, na huyo anazuiwa ili asimwambukize babu.

Kuhusu uchovu wenyewe, jambo hili linajulikana vyema na wote wanaowahudumia wagonjwa wa mionzi, ila ni mara chache familia huelezwa mapema, na mimi naliona hilo kuwa pengo kubwa kwa sababu linawaacha watu wa nyumba moja wakilaumiana. Kwa kawaida uchovu huu huanza mgonjwa akiwa bado anaendelea na matibabu, huongezeka kadiri siku zinavyosonga, na mara nyingi huwa mkali zaidi mwishoni mwa matibabu na katika wiki chache zinazofuata. Baada ya hapo hupungua taratibu. Wengi hupata nafuu ndani ya miezi miwili au mitatu, ingawa kwa mtu ambaye saratani yake imesambaa muda huo unaweza kuwa mrefu zaidi, na pengine nguvu zote alizokuwa nazo zisirudi. Kwa hivyo kuchoka kwake sasa hakuthibitishi kwamba mionzi imeshindwa, wala hakuthibitishi kwamba ugonjwa umezidi. Mionzi ya aina aliyopewa baba yako hutolewa ili kumpunguzia mgonjwa mateso, na kukoma kwa damu ni dalili kwamba kazi hiyo imefanyika.

Mionzi inapoziua seli za saratani, hujeruhi pia baadhi ya seli zenye afya zilizo karibu, na mwili hulazimika kuzitengeneza upya. Wakati huo kinga ya mwili hutoa kemikali ambazo huathiri hata ubongo na kumletea mtu uzito wa viungo na wa mawazo usioondolewa na usingizi. Ndiyo maana mzee anaweza kulala usiku kucha na kuamka akiwa hoi. Anaposinzia mbele ya wageni, jambo hilo halitokani na kukata tamaa, na ningemwomba kaka yako asimwambie maneno hayo hata kwa nia ya kumtia moyo. Mama naye, pamoja na mapenzi yake yote, asimwache kitandani kutwa, kwa kuwa misuli isiyotumika hunyauka upesi, na udhaifu huo wa misuli huja kuongezwa juu ya uchovu wa mionzi.

Hata hivyo, msikubali kila uchovu uandikiwe mionzi. Mtu aliyekuwa akikohoa damu huenda ana upungufu wa damu, na kipimo chake ni rahisi kupatikana. Mtu aliyechomwa mionzi ya kifua huenda anaumia anapomeza, kwa sababu umio, yaani njia ya chakula, upo katikati ya kifua, na kwa kuogopa maumivu anakula vijiko viwili na kusema ameshiba. Mwulizeni hilo waziwazi. Saratani iliyoingia kwenye mifupa inaweza kupandisha kiwango cha kalsiamu katika damu, na hapo mgonjwa huwa na kiu isiyoisha, hukojoa sana, hufunga choo na huanza kuchanganyikiwa. Kuna pia dawa za maumivu. Iwapo anatumia mofini na mionzi imepunguza maumivu, dozi iliyomfaa mwezi uliopita inaweza kuwa kubwa mno leo, na ikamfanya asinzie mchana. Daktari ndiye wa kuirekebisha, msiikatishe wenyewe. Mwombeni daktari aangalie damu, figo, chumvi na kalsiamu, na apime oksijeni kwa kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni. Mwulizeni daktari pia kuhusu huzuni, kwa kuwa mgonjwa anaweza kuwa na uchovu wa mionzi na huzuni kwa pamoja, na yote mawili yana tiba.

Zipo dalili ambazo hazingoji siku ya kliniki. Akishindwa kupumua ghafla, akipata homa, akianza tena kukohoa damu, uso na shingo vikivimba, mguu mmoja ukivimba na kuuma, au akichanganyikiwa, apelekwe hospitalini siku hiyohiyo. Kwa kuwa ugonjwa upo kwenye mifupa, maumivu mapya ya mgongo yanayoambatana na miguu kulegea au kushindwa kukojoa ni dharura ya saa, si ya siku, kwa sababu uti wa mgongo unaweza kuwa unabanwa.

Sasa nije kwenye maisha ya kila siku, ambako ndiko mtakakomsaidia zaidi. Tafuteni daftari, na kwa wiki moja mwandike asubuhi, adhuhuri na jioni uchovu wake kwa namba, 0 ikiwa hana uchovu kabisa na 10 ikiwa hawezi hata kuinua kikombe. Namba aitoe yeye mwenyewe. Kando yake andikeni alichofanya kabla ya hapo. Baada ya siku chache mtaona saa zake nzuri ni zipi, na mtakuwa na kitu cha kumwonyesha daktari zaidi ya kusema amechoka.

Nguvu zake kwa sasa ni kama tokeni za stima zilizonunuliwa kwa hela kidogo: zikitumika zote kwenye pasi, hakuna taa jioni. Kuoga, kwa mfano, kunammaliza kwa sababu kuna kusimama, kuinama, kuinua mikono na mvuke wa maji ya moto. Aoge akiwa ameketi kwenye stuli ya plastiki, kwa maji ya vuguvugu, mlango ukiwa wazi kidogo ili hewa ipite, na baada ya kuoga ajifunike taulo kubwa au gauni la kuogea na aketi badala ya kusimama akijifuta. Nguo ziwe zimewekwa karibu na kitanda. Asioge na kupokea wageni asubuhi ileile. Wageni nao, hata kama wametoka mbali, wakae dakika 20 pamoja naye, kisha wahamie kwa mama jikoni. Hakuna utovu wa adabu hapo.

Kuhusu ngazi, kaka yako ana sehemu ya ukweli, kwa kuwa kutembea ni miongoni mwa tiba zenye ushahidi mzuri zaidi dhidi ya uchovu wa saratani. Mwaka 2017 jarida la kitabibu la JAMA Oncology lilichapisha uchambuzi wa majaribio 113, na mazoezi ya mwili pamoja na ushauri wa kisaikolojia yakaonekana kupunguza uchovu kuliko dawa. Lakini kwa vile saratani ipo kwenye mifupa, kwanza mwulizeni daktari kama kuna mfupa ulio katika hatari ya kuvunjika. Akikubali, mzee aanze kwenye korido ya ghorofa yenu, dakika tano mara mbili kwa siku, mtu akiwa kando yake, huku akiweza kuzungumza bila kuhema. Wiki inayofuata ateremke ngazi hadi ghorofa ya tatu tu, ambako mmemwekea kiti, apumzike, kisha arudi. Siku ya kliniki mzee aondoke nyumbani mapema, kwa hatua za kituo kwa kituo, na asibebeshwe chochote. Usingizi wa mchana usizidi nusu saa na uwe kabla ya saa tisa, la sivyo usiku hautalalika.

Chakula kiwe kidogo na cha mara nyingi. Uji wa wimbi uliochanganywa na maziwa na siagi ya karanga, yai lililochemshwa na kupondwa, parachichi, maziwa lala, ndengu zilizoiva hadi kulainika, yote haya hupita kooni bila kuumiza. Pilipili na chai ya moto sana ziwekwe kando hadi koo lipone. Kama mnapikia jiko la makaa, msiliwashe ndani ya chumba alimo, kwa kuwa hewa yake yenye sumu huiba nafasi ya oksijeni katika damu, na baba yako hana akiba ya kupoteza.

Hapa Nairobi mnaweza pia kuomba msaada wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, ambayo wengi huikimbia kwa kudhani ni ya mtu anayekata roho. Nairobi Hospice, iliyoanzishwa mwaka 1990 na iliyo katika eneo la Hospitali Kuu ya Kenyatta, huwahudumia wagonjwa wanaoishi na maradhi ya aina hii pamoja na familia zao. Wataalamu wa huko wamezoea uchovu, maumivu na dawa zake. Kwa baadhi ya wagonjwa ambao ugonjwa wao umeenea, daktari anaweza kutoa deksamethasoni kwa muda mfupi ili kuinua nguvu, ingawa dawa hiyo hupandisha sukari, huvuruga usingizi na, ikitumika muda mrefu, hudhoofisha misuli ya mapaja.

Jambo moja limekosekana katika barua yako, dada: umeniambia anachotaka kaka na anachotaka mama, ila sijasikia anachotaka mzee. Keti naye saa yake nzuri umwulize ni jambo gani moja kwa siku ambalo angependa nguvu zake zitumikie, iwe ni kanisani Jumapili, habari za saa moja au kucheza na wajukuu, kisha mpange mengine yote kulizunguka jambo hilo, hata ikibidi siku hiyo asioge.

SWALI

Mshauri,

Nimemaliza mionzi ya wiki sita pamoja na kemo kwa saratani ya mapafu ya hatua ya tatu. Ni mwezi wa pili sasa. Nauza mitumba Gikomba na kodi hainingoji. Nikirudi kibandani, kufikia saa sita nimeisha. Wenzangu wananiletea vinywaji vya kuongeza nguvu, juisi ya bitiruti na unga wa mitishamba. Nitumie kipi?

Mama Mitumba, Gikomba

JIBU

Mama, hongera kwa kumaliza matibabu mazito kiasi hicho. Juisi ya bitiruti ni chakula, inywe ukiipenda, lakini haitibu upungufu wa damu. Pima kwanza, na vidonge vya madini ya chuma umeze tu kama kipimo kimeonyesha unavihitaji. Vinywaji vya kuongeza nguvu viache. Kafeini na sukari vitakuinua kwa saa mbili, moyo uende mbio, kisha usingizi wako wa usiku uharibike na kesho uamke umechoka zaidi. Unga ambao hujui umetengenezwa kwa nini usiumeze, kwa sababu ini na figo zako bado zinapata nafuu kutokana na kemo.

Rudi kazini kwa nusu siku, siku moja ndiyo na nyingine hapana, kwa wiki mbili za kwanza. Kufungua belo na kulibeba mwachie kijana utakayemlipa, nawe ukae kwenye kiti upange bei na kuzungumza na wateja. Vumbi la kupekua nguo ni baya kwa mapafu yaliyopata mionzi, hivyo vaa barakoa.

Kuna jambo ninalotaka ulishike kuliko yote. Kati ya mwezi wa kwanza na wa sita baada ya mionzi ya kifua, mapafu yanaweza kuvimba kwa sababu ya mionzi yenyewe. Dalili zake ni kikohozi kikavu, kuishiwa pumzi katika kazi ambayo jana uliimudu, homa ndogo na uchovu unaoongezeka badala ya kupungua. Katika zahanati ambako hawajui historia yako, hali hiyo inaweza kudhaniwa kuwa kifua kikuu au nimonia, ilhali inatibiwa kwa dawa za steroidi ambazo hupunguzwa kidogo kidogo na hazikatishwi ghafla. Omba hospitali ikuandikie muhtasari wa mionzi uliyopewa, sehemu ya mwili iliyochomwa na tarehe uliyomaliza, uupige picha kwa simu, na umwonyeshe kila daktari atakayekupima kifua mwaka huu.