SSD ya TB 1 inaonesha 931, jee nimeibiwa?

SWALI: Assalamu alaikum. Mie napiga video za harusi hapa Wete. Juzi nilivuka Unguja nikanunua SSD (diski ya kuhifadhia isiyo na kitu kinachozunguka ndani) ya TB 1 pale Darajani, nafika nyumbani nachomeka kwenye laptopu haionekani kabisa, akaja fundi kaichezea kidogo ikatokea, lakini inaandika GB 931 tu. Hizo 69 zimekwenda wapi? Na jee naweza kutia humu harusi zangu zote nikazifuta kwenye ile hadidiski ya zamani? Nishahamisha mbili.
Mpiga video, Wete

JIBU: Waalaikumu salaam ndugu yangu. Hizo 69 hajazichukua mtu. Chukua gunia la mchele, dukani limepimwa kwa pishi ndogo, nyumbani mama akalipima tena kwa pishi kubwa, mchele ni ule ule ila idadi ya pishi imepungua. Baiti ndo kipimo kidogo cha data, na kiwanda kinahesabu GB moja kuwa ni baiti bilioni 1 kamili na TB 1 kuwa ni trilioni moja, Windows yenyewe inahesabu 1,024 mara 1,024 mara 1,024, yaani baiti 1,073,741,824, halafu nayo inaandika GB vile vile, hapo ndo watu wanapochanganyikiwa. Gawa trilioni moja kwa namba hiyo utapata 931. Ndo maana ya 500 inaonesha 465 na ya 256 inaonesha 238. Ukiichomeka kwenye Mac utaiona TB 1 yako kamili, maana Apple wanahesabu kwa elfu tangu 2009.

Kinachonitia wasiwasi mie ni kitu chengine. Ile 931 kwenye skrini bado haithibitishi kitu, kwa sababu zipo SSD feki zilizofundishwa kuidanganya kompyuta, ndani mna GB 64 lakini inajitangaza TB nzima, unatia mafaili yanapokelewa vizuri, siku ya kuyafungua ndo unakuta hayafunguki. Jaribu kwa programu ya H2testw, ni ya bure, inaijaza diski yote kisha inasoma tena kila ilichoandika ione kama kipo. Itachukua masaa, khasa kwa USB ya zamani, iache usiku kucha laptopu ikiwa kwenye umeme.

Kuhusu kutoonekana, si lazima iwe ubovu. Diski mpya mara nyingi inakuja haijagawiwa wala kufomatiwa, unaingia Disk Management, programu ya Windows ya kupanga diski, unachagua GPT, ndo mtindo wa kuigawa, unafomati NTFS, mpangilio wa mafaili wa Windows, au exFAT kama itatembea baina ya Windows na Mac. Nadhani fundi wako kafanya hayo hayo.

Sasa kuzifuta za zamani. Usifute, nakuomba sana. Watu wanaogopa kuwa SSD inachakaa kwa kuandikwa, ni kweli inachakaa, lakini Samsung kwa mfano 870 EVO yao ya TB 1 wanaipa dhamana ya miaka 5 au TB 600 za kuandikwa, kitakachotangulia. Harusi moja ikiwa GB 200 hizo ni harusi 3,000, nani atazipiga zote hizo? SSD nyingi hazifi kwa uzee, zinakufa ghafla. Hadidiski ya zamani ikitaka kufa mara nyingi inagonga tik tik unaisikia, unawahi. Kijana mmoja wa Chake aliniletea SSD yake, taa ya buluu inawaka kama kawaida, kompyuta haioni kitu, na mama wa bi harusi anapiga simu kila siku. Hatukutoa hata picha moja. Na SSD usiifungie kabatini mwaka mzima bila umeme, chaji inayoshikilia data inavuja kidogo kidogo na joto letu hili linazidisha.

Kwa hiyo SSD iwe ya kuhariria, pale kasi yake utaifaidi kweli, zilizokwisha ziweke kwenye hadidiski mbili na moja ikae nyumba nyengine. Umeme ukiwa unakatika katika usihamishe mafaili kwa kompyuta ya mezani bila UPS, lile boksi la betri linaloishikilia kompyuta umeme ukikatika, tumia laptopu yenye betri nzima.

Na zile harusi mbili zilizomo humo, zirudishe kwenye hadidiski leo hii kabla hujaanza H2testw, maana diski ikiwa feki jaribio lenyewe laweza kuzifuta.