Sufuria nyembamba kwenye kona ya kitako: shida si shiti

SWALI: Shikamoo fundi. Nina karakana ndogo Changamwe, tunatengeneza sufuria za alumini kwa lethi, yaani mashine inayozungusha shiti huku tukiisukuma ilale juu ya kalibu (umbo la sufuria); kipenyo sentimita 30, kina 15. Nakata duara ya sentimita 44 kwenye shiti ya milimita 2. Ukingo wa juu unabaki mnene, lakini pale kitako kinapopinda kuwa ubavu panakuwa kama karatasi, na nyingine zinapasuka. Nimeshauriwa ninunue shiti ya milimita 3. Itasaidia?

JIBU: Marahaba. Usiinunue bado.

Swali hili naletewa kila mara, na karibu kila anayelileta ameshaambiwa na mtu kwamba alumini inavutika. Inavutika kweli, lakini haizaliani. Unene ukitakiwa ubaki ule ule, sufuria ya vipimo vyako inataka duara ya karibu sentimita 52. Piga hesabu: kipenyo mara kipenyo, 30 mara 30, ni 900; kipenyo mara kina mara 4, 30 mara 15 mara 4, ni 1800; jumla 2700, na kipeuo chake cha pili ni 52 kasoro kidogo. Wewe umekata 44. Eneo ulilo nalo ni kama asilimia 72 ya linalohitajika, kwa hiyo hata ungekuwa stadi namna gani, unene utashuka hadi wastani wa milimita 1.4. Tena huo ni wastani. Ukingo umebaki mnene, basi deni lote limelipwa na kona ya kitako.

Hiyo duara ya 44 ukiikata kwenye milimita 3, itakuwa na uzito wa kilo 1.23 hivi. Ya 52 kwenye milimita 2 ni kilo 1.15. Yaani unakwepa kukata duara kubwa, halafu unalipia alumini nyingi zaidi, unasukuma kwa nguvu zaidi, na kona bado inakuwa nyembamba kuliko ukingo.

Ukishakata 52, acha pupa. Wengi huilaza shiti kwenye kalibu kwa msukumo mmoja kutoka kitakoni hadi ukingoni. Hapo ukingo haupati nafasi ya kuingia ndani, shiti inavutika tu na kuwa nyembamba. Anza kwa kuishikiza kitakoni, kisha sukuma kidogo kwenda nje, rudi ndani, nenda tena nje. Kipenyo cha nje kipungue kadiri ubavu unavyoinuka. Kisipopungua, ujue unaivuta tu shiti. Ukingo ukianza kukunjamana, uegemeze kwa kipande cha mti upande wa nyuma. Na kona ya kalibu iwe ya mviringo, nusu kipenyo chake milimita 8 hadi 10 kwa shiti yako.

Ikianza kuwa ngumu, ilainishe kwa moto. Paka sabuni ya mche, pasha kote kwa moto wa gesi mpaka alama ya sabuni igeuke hudhurungi iliyokolea, acha hapo hapo. Anayekuambia usubiri iwe nyekundu kama chuma hajawahi kulainisha alumini. Itayeyuka kabla hujaona huo wekundu.

Wanaonichosha zaidi ni wenye dawa za baadaye. Mmoja atasaga ukingo ulingane na kona, kana kwamba kona imeongezeka. Mwingine ataigonga kona kwa nyundo "ijikusanye", na kila pigo juu ya kalibu linazidi kuibana iwe nyembamba. Wapo hata wanaopaka gundi ya chuma kwa ndani, kisha sufuria inapigwa polishi na kupelekwa sokoni. Mnunuzi wa sufuria za pilau ya harusi huja, akabana ukingo kwa vidole na kuridhika, wakati ukingo ndiyo sehemu nene kuliko zote. Aangalie kona ya kitako: aibonyeze kwa kidole gumba, kisha aigonge na asikilize kama mlio unatofautiana na wa ubavuni.

Halafu kuna biashara ya geji, namba inayotajwa badala ya unene wa shiti. Geji 18 ya alumini kwa kipimo cha Marekani ni milimita 1.02, kwa kile cha Uingereza ni 1.22, na muuzaji atakutajia namba bila kusema ni ya wapi. Mdai milimita. Beba mikromita yako, kifaa cha kupimia unene, upime pembe zote nne za shiti kabla hujatoa pesa.